Kisa cha mkeka uliohama

Naanza na mwisho ili wenye roho nyepesi wasisome kwa presha: mtoto alipatikana, mzima, baada ya dakika kama 40 hivi, na mkononi ameshika kiazi karai. Haya sasa tuendelee.

Kisa chenyewe ni cha Jumanne tarehe 26 Desemba 2023, siku ya pili ya Krismasi, na naandika manake kwenye familia yetu kimeshasimuliwa mara nyingi na kila mara kinaishia palepale, ati mamake alikuwa kwenye simu. Hakuwa kwenye simu. Nilikuwepo, mimi ni mdogo wake, na simu yake ilikuwa ndani ya mkoba wangu mimi. Nimekaa na hili jambo muda mrefu, nikalipanga saa kwa saa kama wale wanaochunguza ajali ya gari, na nilichokiona ni kwamba ile siku iliharibika hata kabla dada na familia yake hawajatoka kwao Voi.

Watu walikuwa hivi: dada yangu, shemeji, mamake shemeji ambaye watoto humwita bibi, na mimi mwenyeji wao, naishi Tudor, Mombasa. Watoto wanne, kijana wa miaka 9, msichana wa 6, mdogo wa 3 na wa kunyonya wa miezi 8. Ukihesabu kwa karatasi ni watu wazima wanne kwa watoto wanne, kila mtu na wake. Hiyo hesabu ndo iliyotumaliza, ntairudia.

Mpango ulipikwa kwenye grupu ya familia wiki nzima na ulikuwa mtamu wallahi. Pembe za Ndovu, Fort Jesus, chakula Mji wa Kale, feri ya Likoni kwenda na kurudi (anayepanda kwa miguu halipi, shemeji alilirudia hilo kila siku), bustani ya Mama Ngina kando ya bahari kula mihogo, alafu ufuo wa Pirates watoto waogelee, na saa 12 jioni gari la kurudi Voi. Vitu sita, siku moja, na mtoto wa kunyonya. Mimi nikatuma kidole gumba. Ningeweza kusema kitu, naujua mji huu, naujua Desemba unavyokuwa, lakini mtu anakuja na watoto wake kutoka mbali na furaha yote ile wewe uanze kumkatia mambo? Mwenyeji mwenye haya ni hatari kuliko jam ya Changamwe.

Ukiusoma ule mpango leo utaona jambo moja. Una mahali sita na saa moja tu, saa ya gari la kurudi. Hakuna aliyeandika mdogo wa miaka 3 hulala saa ngapi, wala bahari inajaa saa ngapi.

Walitoka nyumbani saa 11 alfajiri. Kutoka Voi mpaka hapa ni kama kilomita 150, siku ya kawaida masaa matatu unaingia, lakini Desemba matatu haitoki mpaka ijae kabisa na nauli ilikuwa imepanda karibu mara mbili, wakabishana na makanga pale stendi nusu saa nzima kwa sababu alitaka yule wa miaka 9 na yule wa miaka 6 walipiwe viti kamili na hapohapo wakae kiti kimoja. Wakalipa. Mazeras, zile kona, mdogo akatapika kwenye gauni la bibi. Alafu malori kuanzia Miritini. Wakiingia kisiwani kupitia daraja la Makupa, lile jipya la 2022, shemeji akawaambia watoto tazameni bahari! na kijana akachungulia lile maji ya Makupa akauliza kwa sauti, "Ndo hii tu?"

Nikawapokea Mwembe Tayari saa 4 kasorobo. Zingatia hiyo saa, tutaihitaji.

Pembe za Ndovu ilikuwa robo saa na ndo sehemu iliyonichekesha kuliko zote. Hizi pembe ziliwekwa mara ya kwanza 1952 kumpokea binti mfalme Elizabeth wa Uingereza, baadae zikatengenezwa upya za aluminiamu, na watu wote wanaokuja Mombasa lazima wapige picha pale katikati ya barabara ya Moi huku tuktuk zinapiga honi. Shemeji anapiga picha, geuka huku, cheka, mshike mdogo wako. Mdogo anatazama juu anauliza ndovu mwenyewe yuko wapi. Sasa mtoto wa Voi, ambaye ndovu wa Tsavo huwaona kando ya barabara na wakati mwingine wanaingia mpaka kwenye mashamba ya watu, wewe unamtoa alfajiri na mapema umwonyeshe pembe za bati? Zile picha, zaidi ya 60, ndo zilizomaliza chaji ya simu ya shemeji. Hilo nalo liweke pembeni.

Fort Jesus tukaingia saa 5 kasoro baada ya foleni. Hapa sitaki kulaumu, ngome ni nzuri, na kama watoto wangekuwa na miaka 9 wote ningesema hapo pekee panatosha. Kijana alishika mzinga akauliza maswali mpaka mwongozaji akakaa chini. Mreno alianza kuijenga 1593, mwaka wa 1696 Waomani wakaizingira na waliokuwa ndani wakakaa wamefungiwa karibu miaka 3, na kijana akataka kujua hao watu walikuwa wanakula nini. Bibi naye akakumbuka hapa palikuwa jela wakati wa mkoloni, na ni kweli, ilikuwa jela mpaka 1958. Lakini ni saa 6 mchana, Desemba, kaskazi inavuma lakini ndani ya zile kuta upepo haufiki, lile jiwe la matumbawe limeshika moto, mtoto mchanga amekuwa mwekundu usoni, na wa miaka 3 amekaa chini kwenye ngazi anakataa kwenda mbele wala nyuma. Yeye kutoka saa 10 na nusu usiku yuko macho. Kwao saa hizi hulala.

Kula ikawa saa 7. Mji wa Kale siku ile kila meza ina watu, tukangoja pilau dakika 50, watoto hawataki pilau wanataka chipsi, chipsi hakuna, mdogo akalala juu ya meza bila kula. Shemeji akatazama saa. Na hapa ndo penye uamuzi wenyewe, naukumbuka vizuri kwa sababu mimi ndo niliyeutoa. Alisema tukate feri na Mama Ngina, twende Pirates moja kwa moja, watoto wamekuja kwa ajili ya bahari. Nikasema sawa kabisa, tukienda saa hizi tutafika jua limepoa. Ni kweli jua lilikuwa limepoa. Kuhusu maji sikufikiria hata kidogo, na mimi nimezaliwa Pwani.

Tuktuk mbili, kila moja imebeba kuliko inavyotakiwa. Daraja la Nyali limefunga kwa magari, Kongowea hivyohivyo, tukafika saa 9 kasoro.

Kwa asiyepajua, Pirates ni ule ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, na tarehe 25, 26 na mwaka mpya nusu ya Mombasa na robo ya Kenya iko pale. Ngamia, maboya ya tairi ya kukodisha, achari, mabuyu, spika tatu zinapiga nyimbo tatu. Ni raha kwelikweli, sitaki mtu aelewe nasema msiende. Tukatafuta mahali, tukapata kipande cha mchanga mkavu karibu na familia moja yenye mwavuli wa bluu, tukatandika mkeka, bibi akakaa akalinda vikapu.

Sasa ile hesabu ya wanne kwa wanne. Dada alikuwa amembeba mtoto mchanga kifuani ananyonyesha chini ya leso. Shemeji alikuwa amemlaza yule wa miaka 3 begani, usingizi mzito, hawezi kuinama hata kuokota kandambili. Mimi nimeingia majini mpaka magotini na kijana wa miaka 9 kwenye boya, macho yangu kwake sitoi, manake hajui kuogelea. Bibi ana vikapu. Kila mtu mzima pale alikuwa kazini, na kama ungemuuliza yeyote angekwambia nalinda mtoto. Na msichana wa miaka 6? Yule mtulivu. Yule ambaye tangu Voi hajalia, hajatapika, hajakataa kutembea, anayembebea mdogo wake chupa. Yeye alikuwa wa kila mtu, basi hakuwa wa mtu. Nikitazama watoto waliokuwa baadae kwenye hema la watoto waliopotea, walikuwa wanne pamoja na yeye, wote nadhani wa umri huohuo, miaka 5 mpaka 7. Mtoto mchanga habanduki kifuani na mkubwa anasikika kelele zake. Wa katikati ndo anayepotea.

Alimwambia bibi anaenda kutazama ngamia. Bibi akamwambia nenda urudi. Ngamia alikuwa hatua 20 tu, anaonekana. Kwa hiyo hata kutoroka hakutoroka, aliaga.

Na hapa ndo maji yakaingia kwenye kisa.

Usiku ule wa 26 kuamkia 27 mwezi ulikuwa mpevu. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, ndo bamvua, maji yanatoka mbali sana na yanajaa juu sana, hapa kwetu tofauti ya kupwa na kujaa inapita mita 3. Na huku Mombasa bamvua ina saa zake hazibadiliki sana: maji yanatoka kwenye saa 4 asubuhi na yanajaa kwenye saa 10 jioni. Kwa hiyo sisi tulipokuwa tunapiga picha na pembe za bati, ule ufuo ulikuwa mpana kama uwanja wa mpira. Tulipofika saa 9 kasoro ulikuwa umebaki nusu na maji yanapanda, na kila dakika watu walewale wote, na wengine wanazidi kushuka kwenye tuktuk, wanabanwa kwenye kipande kinachopungua.

Wimbi likafika kwenye mkeka. Si wimbi kubwa, limelowesha tu pembe moja na kikapu cha nepi. Bibi akapiga kelele, dada akainuka, tukavuta mkeka juu, lakini nyuma yetu pamejaa, hakuna nafasi, tukasogea kulia, tukapita familia mbili, ya tatu ikajibana kidogo ikatupa nafasi. Wenye mwavuli wa bluu nao wakahama. Wao wakaenda kushoto.

Msichana akarudi kutoka kwa ngamia. Haya aliyatueleza mwenyewe usiku ule nyumbani, amekaa kwenye ndoo anaoga, bila hata kulia: alikuwa ameshika alama, mwavuli wa bluu. Aliutafuta mwavuli wa bluu akauona. Akaenda. Akafika akakuta watu siyo sisi, akajua amekosea, akatafuta mwavuli mwingine wa bluu. Na siku ile pale miavuli ya bluu ilikuwa mingapi? Mtoto wa miaka 6 alifanya hasa kile ambacho tungemfundisha afanye, shika alama urudi kwenye alama, ila alama ilikuwa na miguu.

Sisi tulijua kama hayupo baada ya dakika 10, labda 15. Dada alidhani yuko nami majini, mimi nilidhani yuko mkekani. Dada aliposema jina lake kwa sauti ya kuuliza, si ya kuita, nilisikia tumbo linashuka.

Tukakimbia kwa laifgadi. Kijana mmoja mtulivu sana, akauliza maswali mawili. La kwanza, amevaa nini. Dada akasema gauni jekundu la Krismasi, na akageuka na mimi nikageuka na tukaona magauni mekundu ya Krismasi kama 30 hivi hapo hapo, kila mzazi kanunua. Shemeji akataka kumwonyesha picha, simu imekufa. Ndo mimi nikakumbuka kule kwenye pilau nilimpiga picha moja, amekunja uso kwa njaa. Ile picha moja ndo iliyosaidia kuliko zile 60.

Swali la pili, mlikuwa mmekaa wapi mara ya mwisho alipowaona. Shemeji akanyosha mkono kuonyesha pale.

Pale palikuwa maji. Watu wanaogelea.

Nadhani ni hapo ndo dada alipokaa chini. Mimi sijawahi kumwona vile na sitaki kuelezea.

Aliyemwona mtoto ni mama muuza viazi karai, karibu na njia ya kutokea. Anasema alimwona anapita mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu akamwita, "We mama, unatafuta nani?" akampa kiazi, akamuuliza jina la baba. Baba. Jina la mama. Mama. Mnakaa wapi? Kwetu. Namba ya simu? Akaanza vizuri, sufuri saba, akaenda tarakimu nne, akanyamaza. Jina lake mwenyewe kamili alilijua, na jina la shule, na la mwalimu. Yule mama akamwachia mtu ile karai ya mafuta moto, siku ambayo ndo anauza kuliko mwaka mzima, akamshika mkono mpaka kwenye hema wanakokalishwa watoto waliopotea. Laifgadi alipotupeleka kule tukamkuta amekaa kwenye benchi, anakula kile kiazi polepole kama mtu anayefanya kimalizike baadae. Alipomwona mamake kitu cha kwanza alichosema, "Mbona mlihama?"

Basi hiyo ndo siku. Magari ya Voi yalikuwa yameisha au yanataka pesa ambayo hatuna, wakalala kwangu, watu saba kwenye sitting room, na mume wangu akalala kwa jirani bila manung'uniko, Mungu ambariki.

Sasa turudi kwenye lawama. Usiku uleule simu zilianza, na ndo ile stori ya mama na simu ikazaliwa, sijui ilitoka wapi. Shangazi mmoja akasema siku hizi wanawake hawaangalii watoto. Mtu kumlaumu mama ni rahisi, manake ukishamlaumu yeye huna haja ya kubadilisha kitu, mwaka ujao wewe unajiona hutapoteza kwa sababu wewe si kama yeye. Lakini kama ningemtoa dada pale nikaweka mama mwingine yeyote, mikono miwili, mchanga kifuani, angefanya nini tofauti? Wengine wakasema ni umati. Umati ni kweli, lakini umati ulikuwepo saa 9 na mtoto alikuwa anatuona, na saa 10 hatuoni, watu ni walewale. Kilichobadilika ni mchanga wa ufuo, ulikuwa umepungua.

Sisemi maji peke yake. Kama mdogo angelala njiani vizuri au tungepumzika mchana nyumbani kwangu Tudor, shemeji angekuwa na mabega yake. Kama pilau isingechukua dakika 50. Kama tungemwambia bibi kwa maneno, huyu ni wako, vikapu achana navyo, viibwe. Bibi mpaka leo analia akikumbuka ile "nenda urudi", na nimemwambia mara nyingi kwamba yeye ndo pekee aliyejua mtoto yuko wapi, tatizo hatukumuuliza, tulikuwa tunakimbia. Hilo ni kosa jingine la kijinga sana, dakika 5 za kwanza tulikimbia huku na huku kabla ya kuulizana.

Jirani yangu mmoja ni mzee, amevua samaki maisha yake yote. Asubuhi yake alipoona watoto wengi uani akauliza, nikamsimulia. Hakushtuka hata kidogo. Akasema, "Bamvua, saa 10, mkapeleka watoto? Mlikuwa mnawaogesha au mnawafua?" Alafu akatazama juu kama anahesabu, akasema kama mnataka kuwaonyesha bahari nendeni saa hizi.

Tukaenda. Dada hakutaka, watoto ndo waliotaka, msichana kuliko wote. Na hii sehemu ndo iliyonifanya nione kisa chote upya, manake ilikuwa kama mtu ametupa nafasi ya kufanya mtihani uleule mara ya pili: ufuo uleule, watoto walewale, masaa 18 baadae. Tulifika saa 3 na nusu. Maji yametoka mpaka mbali, mtu akisimama kwenye ukingo anaonekana kama kijiti. Watu wachache, Jumatano asubuhi, wengi bado wamelala na sikukuu zao. Mchanga mgumu, vidimbwi vimebaki katikati ya mwani, maji ya vuguvugu yanafika kwenye kifundo cha mguu wa mtoto wa miaka 3, na mle ndani kuna kaa wadogo, kuna kiti cha pweza chekundu (yule mnyama wa bahari wa umbo la nyota) ambacho mdogo alikaa amechuchumaa anakitazama nadhani nusu saa, hasogei, hasemi, kila akidhani hakimwoni anakigusa kwa kidole kimoja anatoa. Kijana akakanyaga jongoo bahari akapiga ukelele ukasikika mpaka Nyali. Mkeka tukatandika mahali pamoja na haukuhama. Saa 5 maji yalipoanza kurudi tukaondoka, na hakuna aliyelia kuondoka, walikuwa wameshiba.

Sasa kama ningeipanga ile siku upya, Fort Jesus kwa umri ule, kama lazima, ni kuanzia saa 9 na nusu jua likilala, na mzinga mmoja au miwili inatosha, usimsomee mtoto wa miaka 6 kila karatasi iliyobandikwa ukutani. Feri ningeiweka badala yake kabisa. Kwa mtoto feri ni meli, gari zinaingia tumboni mwake, na ukifika ng'ambo unageuka tu unarudi, ila usipande saa watu wanatoka kazini.

Kuhusu maji, mzee alinieleza hivi na nimekuwa nikiangalia tangu siku hiyo, haijanidanganya. Mwezi ukiwa mchanga kabisa au umejaa, bahari ya watoto ni asubuhi, saa 3 mpaka saa 5, mchana usiwapeleke. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, mambo yanageuka, yanajaa asubuhi na kutoka jioni kwenye saa 10, na hata yakijaa hayapandi sana, hapo ndo ule mpango wa jua likipoa unafaa. Siku za katikati saa zinasogea mbele kila siku kwa kama dakika 50. Huhitaji programu yoyote, toka nje usiku utazame.

Na namba ya simu. Dada alianza kumwandikia msichana kwa biro mkononi, jasho na maji ya chumvi yanafuta, wakajaribu karatasi mfukoni, gauni halina mfuko. Mwisho wakaifanya wimbo, wa kijinga kabisa, anauimba akiosha vyombo, sasa hata mdogo anaujua na anaukosea tarakimu ya mwisho kila siku.

Desemba iliyofuata, 2024, tulikuwa kwenye grupu tena watu wanapanga, wengine tarehe 25, wengine 26. Dada alikaa kimya muda mrefu, alafu akaandika kwamba wao watakuja Jumatatu tarehe 30. Shemeji akauliza mbele ya watu wote kwani tarehe 30 kuna nini, si sikukuu, si chochote.

Dada akamjibu, "Mwezi unaandama."